Gari Likila Oili, Usikubali Injini Ishushwe Kabla ya Kupimwa

Juzi msomaji ameniandikia kwamba gari lake linakula oili na fundi ameshamwambia injini ishushwe. Ujumbe wake umenitonesha kidonda, maana nami niliambiwa hivyo hivyo.

Fundi wa kwanza alikanyaga mafuta mara moja, akaona moshi wa bluu, akatamka: "Ringi zimekwisha, bosi. Jiandae kwa oveholi." Alimaanisha zile pete zinazoziba pembeni mwa pistoni, na kwamba injini yote ifumuliwe na kukarabatiwa. Nilipomwomba apime kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, akaniuliza nimesomea wapi ufundi. Swali lile linaniuma hadi leo. Nilichukua gari langu nikaondoka.

Wa pili alikuwa mtu wa maneno machache. Alichungulia chini kwanza ahakikishe oili haivuji, akafungua plagi, akapima silinda moja moja. Presha zilikuwa nzuri na zilikaribiana. Ndipo akachomoa vali ya PCV, ile ndogo inayorudisha mvuke wa oili ukaungue ndani ya injini, akaitikisa sikioni kwangu. Iliyo nzima hugonga kwa ndani. Yangu ilikuwa kimya, imejaa utando mweusi unaonata, na mpira wake umelowa oili. Tuliweka mpya, tukasafisha mipira, na tangu hapo kijiti cha oili hakinipi wasiwasi. Najivunia kwamba nilikataa oveholi ile.

Basi ndugu zangu, someni moshi kabla ya kusikiliza mtu. Ukitoka wa bluu unapowasha asubuhi kisha ukakata, au unapokanyaga tena baada ya kuachia mafuta kwenye mteremko mrefu, shuku sili za vali, vile vimpira vinavyozuia oili isipenye kwenye vali ikaingia silinda. Hizo kwenye injini nyingi hubadilishwa bila kushusha injini. Ukitoka kila unapokanyaga kwa nguvu, shuku ringi au silinda. Gari lenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, kagua na hiyo turbo.

Silinda yenye presha ndogo itiwe oili kidogo, ipimwe tena. Presha ikipanda, ringi zimechoka kweli. Lakini kompresheni nzuri haifungi kesi: ringi ya chini, inayokwangua oili, inaweza kuganda kwa masizi huku presha ikisoma vizuri. Masizi hayo mara nyingi huletwa na kuchelewa kumwaga oili. Mwageni oili kwa wakati, jamani, na filta yake!

Na mnapoongeza, msivuke alama ya juu ya kijiti, kwa sababu oili iliyozidi nayo huunguzwa. Fundi akikataa kupima, mlipe alichokwisha kufanya, uondoke.