Jibu: Wim Sonneveld zaidi ya "Het Dorp"

Salaam ndugu. Umesema kila ukimtafuta Wim Sonneveld (1917–1974), mwimbaji na mchekeshaji wa jukwaani wa Uholanzi, unaletewa wimbo wake "Het Dorp" tu, nawe unataka nyimbo zake zisizovuma. Kwanza acha jina lake, tafuta kwa wahusika aliowaigiza: Willem Parel, mzungusha kinanda cha mtaani, na Frater Venantius, mtawa mwimbaji. Kisha jaribu mtunzi wake Friso Wiegersma, na pia Hugo Verhage. Ni mtu yuleyule, hilo la pili ni jina la bandia, kwa hiyo ukitafuta moja tu utakosa nyingine. Mimi ningeanza na wimbo "Nikkelen Nelis", halafu "Tearoom Tango". Chukua rekodi za jukwaani, maana bila vicheko vya watazamaji utani wake hupwaya. Ukiona "conference", hayo ni maongezi ya kuchekesha, si wimbo.