Kuhesabu Wanaolazwa Tena Wodi ya Afya ya Akili: kwa Anayeanza Kazi

Ukikabidhiwa takwimu za wodi ya afya ya akili, iwe Moshi au Arusha, fungua kwanza rejista ya wodi, kompyuta baadaye. Hesabu huanzia kwa walioruhusiwa: kati yao, wangapi wamelazwa tena ndani ya siku 30?

Asili ya hesabu, yaani namba unayogawia, ni walioruhusiwa kwenda nyumbani. Waliofariki na waliopewa rufaa kwenda kulazwa kwingine, watoe. Tuseme kwa robo mwaka wametoka 60, wawili wamefariki na watatu wamepewa rufaa: asili ni 55. Wakirudi sita, kiwango ni asilimia 10.9. Waliotoroka wape safu yao. Ukiwachanganya, mtoro aliyerudishwa na ndugu zake keshokutwa yake ataonekana kama tiba iliyoshindwa; ukiwafuta, unaficha tatizo la wodi.

Kazi ngumu ni kumtambua mtu yuleyule. Kadi imepotea, amefunguliwa faili jipya; Massawe ameandikwa Masawe, Laizer amekuwa Laiza; umri ni wa kukadiria, namba ya simu ni ya shemeji. Kwa hiyo usitegemee namba ya faili peke yake. Linganisha majina matatu, jinsi, kijiji au kata, na jina la ndugu aliyemleta. Penye shaka muulize muuguzi wa wodi, maana yeye anawajua wagonjwa kwa sura. Kila unayeshindwa kumtambua anashusha kiwango, na ndivyo wodi yenye kumbukumbu mbovu inavyoonekana bora kuliko jirani yake. Aliyeruhusiwa Moshi akalazwa Arusha hutamwona kabisa, hivyo andika wazi kwenye ripoti: waliorudi hospitali hii tu.

Usifunge hesabu mapema. Aliyeruhusiwa tarehe 31 Machi anatimiza siku 30 tarehe 30 Aprili. Ripoti ya Machi haiwezi kukamilika kabla ya hapo.

Tena, siku 30 hazitoshi. Wagonjwa wengi wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta kusikia sauti na imani zisizo za kweli, huruhusiwa wakiwa wamechomwa sindano ya muda mrefu kama fluphenazine decanoate, ambayo kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki chache. Dawa ile hukaa mwilini. Akikosa dozi inayofuata kwa sababu kliniki imeishiwa au nauli haipo, mara nyingi dalili hurudi wakati siku 30 zimeshapita, na wewe umeshamwandika kuwa hakurudi. Hesabu na siku 90 pia. Ongeza safu mbili: tarehe ya sindano ya mwisho, na kama alifika kwenye miadi yake ya kwanza. Safu hizo ndizo zitakazokuonyesha kama pa kurekebisha ni wodini au kliniki.

Wodi ikiruhusu watu 20 kwa mwezi, mgonjwa mmoja ni asilimia 5 nzima. Unganisha miezi 12 kabla ya kusema kiwango kimepanda.