Ukimaliza tawasifu, itafutie riwaya ya kukaa nayo

Mwaka juzi nilianza kumsomea mama yangu kitabu cha Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mzee Rukhsa, kilichotoka mwaka 2021. Macho ya mama yamechoka, herufi ndogo zinamkimbia, basi baada ya Isha mimi nasoma, yeye anachambua mchele wa kesho. Tulipofika mahali Mzee anapokabidhiwa urais, 1985, mama akaweka ungo chini.

"Wewe hapo ulikuwa mchanga," akaniambia. "Winda zako nilikuwa nazifua kwa majani ya mpapai. Sabuni ilikuwa haionekani. Unayaponda, unayasugua kwenye nguo mpaka litoke povu la kijani, na ukianika, ukijani hautoki."

Akaingia kwenye unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, akaingia kwenye foleni za duka la kaya. Usiku ule hatukumaliza kurasa mbili.

Tangu hapo nimeacha kusoma tawasifu peke yake. Mtu akiniomba ushauri wa vitabu, siku hizi namtajia viwili viwili: maisha ya mtu aliyoyasimulia mwenyewe, na riwaya inayopita njia ileile kwa miguu ya mtu mwingine. Kiongozi anayesimulia maisha yake anajua mambo ambayo mama yangu hawezi kuyajua: nani alipinga kikaoni, kwa nini uamuzi ulichelewa. Hilo nalithamini sana, na nalithamini zaidi anapolisema kwa Kiswahili chetu. Lakini povu la kijani yeye halijui, kwa sababu hakuzifua yeye nguo zile.

Jozi iliyonifungua macho kuliko zote ni hii. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla hajafa Unguja mwaka 1905. Anaanza kwa kusema alikuwa na miaka 12 alipotoka safari zake za kwanza, za karibu, akichukua sandarusi. Kutoka hapo ni frasila, mizani ya siku zile, za pembe, vita, machifu, madeni, safari hadi Kongo. Msimulizi hodari. Sasa chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobel. Yusuf naye ana miaka 12 anapoondoka kwao. Ila yeye hakutoka na mali, yeye ndiye mali: baba yake ana deni kwa tajiri Aziz, na mtoto anachukuliwa kama rehani.

Yusuf anamwita tajiri huyo "ami", kama alivyofundishwa nyumbani. Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa pale dukani, anamkatalia: huyu si ami yako, mwite seyyid. Neno moja tu, na mtoto ndipo anapoanza kuelewa kwamba amekabidhiwa. Niliposoma hapo nikarudi kwa Tippu Tip, nikaanza kuwahesabu watu wanaopita kwenye masimulizi yake bila majina. Msafara ni uleule. Mmoja anauona kutoka mbele, mwingine anauona kutoka nyuma, kwenye vumbi. Kusoma kimoja na kuacha kingine ni kujinyima.

Wapo wanaoniambia riwaya ni hadithi tu, wao wanataka ukweli. Kwao huwa natoa Haini ya Adam Shafi, ya mwaka 2003. Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na Shafi alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani baada ya hapo. Miaka thelathini na moja baadaye akatoa riwaya ya habari za jela ile, kwa kumpa mtu wa kubuni, Hamza, mwili wa kuumia. Akaja mwaka 2013 na Mbali na Nyumbani, na safari za ujana wake akazisimulia kwa jina lake mwenyewe. Mimi naamini yako maumivu ambayo mtu hawezi kuyasema akisema "mimi". Anahitaji kuazima mtu.

Nina kipimo kimoja ninachokitumia nikiwa bado nimesimama dukani na kitabu cha kumbukumbu mkononi. Natafuta mahali mwandishi anapomtaja mtu aliyempikia, aliyemwendesha, au aliyembebea mwanawe. Kama mtu huyo ana jina na neno la kusema, nanunua. Kama kila ukurasa ni wageni waalikwa na vyeo vyao, nakirudisha rafuni. Kwa riwaya kipimo ni kingine: nasoma mazungumzo kwa sauti ya chini. Riwaya nyingi za sasa zinaniumiza hapo, kwa sababu zimeandikwa mtihani ukiwa mbele ya macho, na wahusika wanaongea kama wanaojibu swali la dhamira. Shafi msome kwa sauti, utawasikia watu wa Unguja kabisa.

Kinachonisikitisha ni kwamba kumbukumbu nyingi nzuri za watu wetu ziko kwa Kiingereza. Unbowed ya Wangari Maathai, ya mwaka 2006, ilibidi nimtafsirie mama papo hapo, sentensi baada ya sentensi, nikikwama na kurudi. Ushauri wangu: fanyeni hivyo majumbani, hata kwa kukwama. Nikamsomea kuhusu mkuyu wa karibu na kwao Wangari, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake kwa kuwa ni mti wa Mungu. Na kijito chake, na mayai ya vyura ambayo mtoto aliyadhani shanga, akayaingizia mikono ayavae, yakamponyoka. Alipokuja kurudi akiwa mtu mzima, mkuyu ulikuwa umekatwa na mwenye shamba mpya apate nafasi ya kupanda chai, na kijito kimekauka.

Mama akakaa kimya, mkono umo ndani ya mchele.

"Kwetu pia ulikuwepo," akasema. "Njia ya mtoni. Kuni za pale hatukuokota." Akauliza kama yule mama yake Wangari kitabuni anaongea tena mbele, nikamwambia anaongea, akaniambia nisome.