Uliza Fundi: Diski ya pili inatetemeka lakini haionekani

*Shikamoo fundi. Napiga video za harusi hapa Morogoro, na kompyuta yangu ni Dell OptiPlex ya mtumba, lile boksi la kusimama. Diski yake ya GB 500 imejaa hadi pomoni. Kila nikipata kazi mpya lazima nifute ya zamani. Juzi nimenunua diski mpya ya TB 2, ile nene ya kuzunguka, nikaifunga mwenyewe. Ukiishika inatetemeka, maana yake umeme unafika. Lakini nikifungua orodha ya diski naona C ile ile ya siku zote. Kuna kidirisha kiliibuka kikiwa na neno "Initialize". Nikahofia kitafuta kazi za wateja, nikakifunga. Rafiki yangu anasema nimeuziwa mbovu, nirudishe dukani. Nifanyeje?*
Mpiga video, Morogoro

Marahaba kijana. Usirudishe kitu. Hicho kidirisha ulichokifunga ndicho kilichokuwa kinakufungulia mlango.

Diski mpya ni kama kiwanja ambacho hakijapimwa. Ardhi ipo, ukubwa wake unajulikana, lakini hakuna bikoni hata moja, kwa hiyo huwezi kusema nyumba inaanzia wapi. Windows inaiona, ila haina pa kuandika, ndiyo maana haijakupa herufi kama ile C. Kazi ya kuipima ni yako, na haichukui hata dakika tano.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua "Disk Management". Chini utaona mistari: Disk 0, Disk 1. Ile yenye GB 465 na ushei ni ya zamani, ndimo ilimo Windows na kazi zako. Ile yenye GB 1863, imeandikwa "Not Initialized" na ina ukanda mweusi, ndiyo mpya. Bofya kulia kwenye jina lake upande wa kushoto, chagua "Initialize Disk", kisha GPT, ndio utaratibu mpya wa kuigawa diski. Utaratibu wa zamani, MBR, ungefaa pia kwa diski ya TB 2, lakini mwaka kesho ukinunua ya TB 4 ungekwama, maana MBR haivuki TB 2.2. Anza na GPT uzoee.

Baada ya hapo bofya kulia kwenye ule ukanda mweusi, chagua "New Simple Volume", uwe unakubali mpaka mwisho. Aina ni NTFS. Acha tiki kwenye "Quick Format". Ukiitoa, kompyuta itapitia diski nzima kuandika sifuri tupu, na kwa TB 2 hiyo ni kazi ya saa tatu, nne au zaidi. Wapo wanaoitoa makusudi ili kuijaribu diski kabla ya kuiamini. Si wazo baya, ila anza usiku ukiwa na uhakika wa umeme.

Wewe kama mpiga video, hapa kwenye herufi tulia kidogo. Windows itakupendekezea D au E. Mimi ningekupa V. Herufi za mwanzo zinagombaniwa na DVD, flashi na kadi za kamera, na ikitokea diski imebadilishwa herufi, programu yako ya kuhariri itafungua kazi ya bibi harusi na kukuta picha zote nyekundu, faili halipo. Faili lipo, herufi ndiyo iliyohama. Nimeshaletewa kompyuta tatu "zilizopoteza kazi" kwa sababu hiyo, zote nikazirudisha ndani ya dakika mbili, na bei nikatoza kamili.

Usishangae pia ukiona TB 1.81 badala ya 2. Hujaibiwa. Mwenye kiwanda anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja; Windows inahesabu 1024 mara 1024 mara 1024, halafu inaandika GB vilevile. Ni kama debe la shambani na debe la sokoni. Kwa matumizi yako: kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hula GB 22.5 kwa saa. Kamera mbili kwa saa nne, kuanzia kanisani hadi keki ikatwe, ni GB 180. Humo utaingiza harusi kumi na moja hivi, bila kuhesabu kitchen party.

Sasa hofu yako ya kufuta kazi za wateja. Kwa hali yako haikuwa na msingi, kwa sababu kidirisha kile kilikuwa kinazungumzia diski tupu, na Windows haikubali kufomati (kufuta na kupanga upya) C ambayo yenyewe imekaa juu yake. Lakini sitaicheka. Miaka hiyo bado nina meza moja tu Kariakoo, nililetewa kompyuta ya kwaya iwekewe Windows upya. Ndani mlikuwa na diski mbili, zote GB 500, kampuni moja, hata stika zinafanana. Niliwasha kwa flashi ya Windows nikiwa nimeacha zote mbili zimechomekwa. Disk 0, Disk 1. Nikasema moyoni Disk 0 ndiyo ya Windows, nikabonyeza. Ilikuwa ile ya nyimbo.

Programu ya kufufua mafaili ilirudisha sehemu kubwa, ila majina yote yalikuwa yamekufa. Kila wimbo ukawa namba. Mwalimu wa kwaya na mama mmoja wa sauti ya pili walikaa kwenye benchi langu siku mbili, tunafungua kimoja kimoja, wanasikiliza sekunde kumi, wananitajia jina naandika. Hawakunitukana. Ningependa wangenitukana.

Tangu siku ile, nikiweka Windows kwenye kompyuta yenye diski mbili, yenye mali ya mtu naichomoa kabisa, inalala mezani mpaka nimalize. Na kila diski naibandika karatasi yenye tarakimu nne za mwisho za namba yake ya kiwandani (serial number). Fanya hivyo kwako kabla hujafunga boksi.

Niwakumbuke na wale ambao diski yao haitetemeki kabisa. Boksi hilo tunaloliita sipiyu (sipiyu yenyewe ni kijidude cha ukubwa wa biskuti chini ya feni) zima kwanza, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, na gusa bati la boksi kabla hujagusa kitu kingine. Diski inahitaji waya mbili. Nyembamba ni ya data, inatoka kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Pana ni ya umeme, kwa kawaida inatoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme. Zote zina umbo la L mdomoni, haziingii kinyume. Zikikataa, geuza, usisukume. Diski zinazouzwa bila kifungashio haziji na waya wala skrubu, kwa hiyo nunua kebo ya data papo hapo.

Kama waya wa umeme haupo wa ziada, utauziwa kiunganishi cha kutoka plagi ya zamani ya pini nne. Kuna vya aina mbili. Vile ambavyo plastiki imemwagwa juu ya nyaya ikawa donge moja, viache dukani; ndani nyaya zinaweza kugusana, na vinajulikana kwa kuungua. Chukua kile ambacho unaona kila waya unavyoingia kwenye tundu lake.

Vyote vikikaa sawa na bado haionekani, washa ukigonga F2, ingia "System Configuration", halafu "Drives". Kwenye Dell hizi za ofisini kila tundu la diski lina kisanduku chake cha tiki, na aliyekuwa nayo Ulaya huenda alizima yale asiyoyatumia.

*Fundi, kwema? Kompyuta ya marehemu baba imekufa. Nimetoa diski yake nikaifunga kama ya pili kwenye yangu, ina picha zote za familia. Inaniambia lazima niifomati ndipo itumike. Nibonyeze?*
Binti wa Tanga

Kwema, dada. Pole kwa kuondokewa na mzee.

Usibonyeze. Nimetoka kumwambia kijana wa Morogoro akubali kila anachoulizwa, na wewe nakwambia ukatae kila kitu, kwa sababu kiwanja chako kina nyumba na watu ndani. Windows imeshindwa kusoma ramani, basi inapendekeza kubomoa.

Zima. Badilisha kebo ya data, jaribu na tundu jingine kwenye mazabodi. Kebo ya elfu chache imeshanifanya nitangaze kifo cha diski nzima isiyo na tatizo. Washa usikilize. Ikilia ka, ka, ka, kama mtu anayegonga kucha mezani, zima hapo hapo na usiiwashe tena nyumbani. Kila dakika inayozunguka katika hali hiyo inaweza kukwangua picha. Hiyo ni kazi ya wanaofufua data, na mwulize bei kabla hajafungua.

Ikiwa imetulia lakini bado inaomba kufomatiwa, mwambie fundi wako maneno haya: ainakili yote kwanza kwenda diski nyingine, kisha atafute picha kwenye nakala. Akianza kwa kuitengeneza ileile ya baba, ichukue uondoke. Na kama folda zinafunguka ila ya baba inasema huna ruhusa, hilo si tatizo. Bonyeza "Continue", subiri, itakupa.

*Nimefunga diski ya pili, inafanya kazi vizuri, lakini skrubu moja imebaki mezani. Kuna hatari?*
Msomaji, Iringa

Hiyo ya mezani haina neno. Diski inashikwa na skrubu nne, tatu zinatosha. Ila angalia hesi zake. Kama ni nyembamba ni ya SSD (diski ndogo isiyozunguka) au DVD, hata ungeizungusha hadi kesho isingekaza kwenye diski nene. Ninayoiogopa ni ile usiyoiona. Chomoa waya, inamisha boksi taratibu kulia na kushoto, tega sikio. Ukisikia kitu kinabingirika, fungua tena ukitoe kabla hujawasha.