Mguu unawaka moto, kumbe shida iko kiunoni

Pole sana ndugu. Unasema maumivu yanashuka kutoka kalioni hadi kidole gumba, na eksirei ya mguu haikuonyesha kitu. Haishangazi, mara nyingi mguu wenyewe ni mzima. Kinachobanwa ni neva (mshipa wa fahamu) pale inapotokea kiunoni, aghalabu na diski (ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo) iliyochomoza, na eksirei haionyeshi diski wala neva. Ganzi ikielekea kidole gumba, mara nyingi ni neva ya pingili ya 5 ya kiuno. Ikielekea kidole kidogo, ni ile ya chini yake.

Usishinde kitandani. Tembea kidogo kidogo, badilisha mkao, mizigo mizito iache kwanza (na wale wa kukandakanda kwa nguvu pia). Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Maumivu yakihama mguuni yakabaki kiunoni tu, hiyo kwa kawaida ni dalili njema.

Ila mkojo ukigoma au ukikutoka bila kujijua, ganzi ikishika sehemu za siri, au unyayo ukianza kuburuta, nenda hospitali leo hii, usingoje kesho.