Moshi wa Kiangazi Kigoma

SWALI: Kwa nini hapa Kigoma mjini moshi hutanda asubuhi za Julai na Agosti, hata nguo zilizolala kambani zikanuka, ilhali msimu wa mvua hali huwa shwari?

JIBU: Ndugu msomaji, mji wetu umekaa kwenye ghuba ya Ziwa Tanganyika, huku vilima vikiuzunguka, usiku wa kiangazi hewa baridi huteremka kutoka vilimani na kutulia bondeni chini ya hewa yenye joto zaidi, ikiuzuia usipande moshi wa nyasi zinazochomwa na wa majiko yetu. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, nao upepo wa ziwani huutawanya. Mvua, kuanzia Novemba hivi, huzima mioto na kuosha vumbi. Mwenye mtoto wa pumu, tafadhali, asiwashe jiko la mkaa ndani alfajiri.