Geji, zebaki au mpira wa oili?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina pikipiki ya BMW R80 G/S niliyoinunua kwa mtalii aliyekatishia safari yake hapa Arusha. Ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kushikwa mafuta, hutetemeka mno, na fundi wangu anasema kabureta zake mbili hazivuti sawa. Rafiki ananishauri niagize seti ya geji nne za kupimia mvuto wa hewa, gereji moja ya zamani inataka kuniuzia kifaa chenye mirija ya zebaki, naye fundi anadai kwamba mpira na oili vinatosha. Nichague kipi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, msikilize fundi wako. Katika kazi hii hatutafuti kujua silinda inavuta hewa kwa nguvu kiasi gani, bali kama ya kushoto na ya kulia zinavuta sawasawa, na kwa injini ya silinda mbili kati ya vifaa hivyo vitatu hakuna kinachoonyesha tofauti hiyo waziwazi kuliko mpira mmoja wenye oili ndani.

Geji nne zinawafaa wenye pikipiki za kabureta nne, kama Honda CB750 iliyoanza kuuzwa mwaka 1969. Kwako wewe mbili zingebaki kwenye boksi. Isitoshe, kila geji ina springi yake, na si ajabu mbili zilizotoka kiwanda kimoja zikasoma tofauti kwenye silinda ileile. Mwenye kuzitumia azijaribu kwanza zote, moja baada ya nyingine, kwenye silinda moja, aandike tofauti zake, tena ahakikishe zina kidhibiti cha kutuliza mshale, la sivyo utacheza kiasi cha kutosomeka.

Zebaki iache huko huko gereji. Mvuke wake ni sumu kwa ubongo na figo, na injini ikiinyonya, hula aluminiamu. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza kutoka nchi hadi nchi vipimo vya namna hiyo.

Sasa mpira. Nunua mita nne hivi za mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje kama herufi U na uufunge kwenye ubao mrefu uliosimama wima, kisha mimina oili ile inayochanganywa na petroli hadi ifike nusu ya ubao pande zote mbili. Maji yasitumike, kwa kuwa kikivutwa chochote kwa bahati mbaya ni heri kiwe kitu ambacho injini inaweza kukiunguza na kukitoa kama moshi. Oili ni nyepesi mara kumi na tano hivi kuliko zebaki, hivyo tofauti ambayo kwenye zebaki ingekuwa sentimita 1, hapa huachanisha vimo vya oili kwa sentimita 15 au zaidi. Unyeti huo ndio faida yake na ndio hatari yake pia: kabureta zikitofautiana sana, oili yote itapanda upande mmoja. Kwa sababu hiyo, unganisha kichupa kitupu kila upande kabla mpira haujafika kwenye tundu dogo la kabureta lililofunguliwa skrubu yake, na uzisawazishe kabureta kwanza kwa macho na kwa mkono.

Kabla ya yote, fundi apime nafasi za valvu na akague plagi, chujio la hewa na mipira ya kabureta, kwa kuwa valvu iliyobana haiponi kwa skrubu. Injini ipate moto kwa kuendeshwa barabarani, si kwa kuungurumishwa imesimama. Na ukiweka feni, liwe mbele kabisa ili silinda zote mbili zipoe sawa. Upande ambao oili inapanda ndio unaovuta zaidi, maana yake kabureta yake haijafunguka sana kama mwenzake. Sawazisha kwanza sailensa kwa skrubu za kusimamishia, halafu shika mafuta kidogo, kama mizunguko 2,000 kwa dakika, usawazishe tena kwa nyaya za kuvutia mafuta. Wengi huishia kwenye hatua ya kwanza, kisha hushangaa pikipiki ikitetemeka barabarani.

Mkimaliza, rudisheni zile skrubu ndogo za matundu ya kabureta pamoja na washa zake. Hewa ikipenyea hapo, mtetemo utarudi siku hiyohiyo.